Mashini Ifuate Mkono wa Mama



Kila Jumatano, mnapokuja ofisini kuangalia hesabu za vikundi, swali moja linarudi: kwa nini mashini yetu inawasikiliza, na zile za kwenye nyumba za kuchapa barua mjini zinawasumbua? Mama mmoja alisema mashini yetu imefundishwa adabu. Wengine wanadhani ni ya bei kali. Hapana. Ni kompyuta kuukuu, ina miaka mingi kuliko watoto wetu wengi wa sekondari hapa Uvira. Tuliibadilisha kidogo kidogo, kwa msaada wa programu ndogo inayoitwa Tweak UI, mpaka ikaanza kufuata mkono wa mama. Leo nataka kueleza tulibadilisha nini na kwa sababu gani. Ndani ya mashini ile kuna jasho lenu, na si vizuri mtu aweke jasho lake ndani ya kitu asichokielewa.

Kwa nini shirika lina mashini

Mnakumbuka usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020. Mto Mulongwe ulitoka njia yake, maji yakashuka kutoka milimani pamoja na mawe na miti, maelfu ya nyumba zikaharibika, na ndugu zetu wengi wakapoteza maisha. Baadaye ziwa nalo likapanda, likaingia ndani ya nyumba za kandokando ya maji. Tulipokwisha kulia na kuzika, tulianza kuhesabu kilichobaki. Hapo ndipo tulipoona kwamba vitabu vya akiba vya wamama wengi vilikwenda na maji.

Mnajua kazi ya kitabu hicho. Katika vikundi vyetu vya AVEC, sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wamama watatu tofauti. Kufuli zinalinda pesa. Lakini kitabu ndicho kinachosema ndani ya sanduku hilo sehemu yako ni kiasi gani. Kila muhuri uliopigwa humo ni hisa yako: ni ndagala ulizoanika, ni mafuta ya mawese uliyopima, ni kikwembe ulichovusha mpaka wa Kavimvira ukakiuza. Mama akipoteza kitabu, anabaki na neno lake tu, na wenzake wanabaki na kumbukumbu zao. Vikundi vingine vilimaliza jambo hilo kwa amani. Wamama walikaa pamoja wakakumbushana hisa moja baada ya nyingine, wiki baada ya wiki. Vikundi vingine vilipasuka, na mpaka leo kuna wamama wanaopitana njiani bila kusalimiana.

Kwa hiyo shirika letu liliamua: kila kitabu kiwe na nakala, na nakala hiyo ikae mahali pengine. Daftari kubwa tulikuwa nalo, lakini daftari nalo linalowa. Ndipo tulipochanga pesa ya mashini.

Ile tuliyoweza kununua ilikuwa ya mkono wa pili. Ilitoka Kigoma, ikavuka ziwa. Ilikuja na Windows XP ya Kiingereza, na kumbukumbu ya megabaiti 256. Kwa wale ambao hawazoei mambo haya: Windows ndiyo programu kubwa inayoendesha kompyuta, programu nyingine zote zinakaa juu yake. Windows XP ilitoka Oktoba 2001. Kwa uchache ilihitaji kumbukumbu ya megabaiti 64 tu, kwa hiyo mashini yetu inaibeba bila kuhema. Windows 10, hata ile nyepesi zaidi, inataka gigabaiti 1, ambayo ni mara 4 ya kumbukumbu tuliyo nayo. Kuweka mfumo mpya ndani ya mashini ile ni kama kumbebesha mtoto gunia la sukari la Kiliba.

Tena mjue jambo hili: tarehe 8 Aprili 2014 kampuni ya Microsoft ilimaliza kutoa matengenezo ya usalama kwa Windows XP. Tundu likigunduliwa leo, hakuna wa kulikaba. Ndiyo sababu mashini yetu haiunganishwi na intaneti hata dakika moja. Kazi yake ni kuandika majedwali ya hesabu na kuyachapa kwenye karatasi, basi. Kwa kazi hiyo ingali na nguvu.

Shaka iliingiaje

Tulitaka kila mama aweze kukaa mbele ya kioo, afungue faili ya kikundi chake, aone jina lake na hisa zake kwa macho yake mwenyewe. Hatukutaka karani awe mlango ambao kila mtu lazima apitie. Nia ilikuwa nzuri, lakini mashini ilikataa.

Kufungua faili katika Windows unabonyeza kipanya mara mbili haraka. Kwa kijana ni jambo dogo. Kwa mkono uliotwanga, ukalima, ukabeba vikapu vya samaki miaka 40, ni jambo lingine kabisa. Mama anabonyeza mara ya kwanza, kidole kinasukuma kipanya kidogo sana, anabonyeza mara ya pili, na mashini inasema moyoni mwake kwamba hizo ni mbonyezo mbili tofauti. Hakuna kinachofunguka. Anajaribu tena, hakuna. Watoto wanacheka mlangoni. Mama anasimama, anafunga kikwembe chake vizuri, anasema, "Hii ni ya waliosoma." Jumatano inayofuata haji.

Kulikuwa na jambo baya zaidi. Ukibonyeza faili na kidole kikachelewa kuachia huku kipanya kinasogea, mashini inadhani unaibeba faili kuipeleka pengine. Siku moja, siku mbili kabla ya kugawana, faili ya kikundi cha wauza ndagala haikuonekana. Wakati huo kulikuwa na msichana aliyetusaidia kuchapa, mtoto wa familia isiyo na kitu. Hakuna aliyemtaja, lakini macho yote yalimgeukia. Pesa za minervale ya watoto, pesa za bati, pesa za mtaji, zote zilisubiri faili ile, na uvumi ulikimbia kuliko pikipiki: eti yaliyofutwa yamefutwa ili hesabu zigeuzwe.

Kijana mmoja anayetengeneza mashini huku Kavimvira aliitwa. Alitafuta kwa jina la faili, na haikumchukua hata robo saa. Faili ilikuwa ndani ya folda ya kikundi cha jirani, nzima, bila tarakimu moja kubadilika. Mkono fulani uliiburuta bila kujua. Mkono wa nani? Ungeweza kuwa wa yeyote kati ya wamama 20 waliokaa pale wiki ile. Hesabu zililinganishwa na vitabu, zikakubaliana, kugawana kukafanyika. Lakini yule msichana alikuwa amekwisha kurudi kwao akilia, na ilibidi wamama watatu waende kumwomba radhi mbele ya mama yake. Alirudi, namshukuru Mungu. Angeweza asirudi.

Siku ile ndiyo niliyoelewa kwamba jambo hili si la urahisi tu. Mashini isiyofuata mkono wa mtu inaweza kumchafulia jina mtu asiye na kosa.

Tweak UI ni kitu gani

Yule kijana ndiye aliyetuletea programu hii kwenye flashi. Ni ndogo, hata diski laini ya zamani ingeibeba. Ilitengenezwa ndani ya Microsoft yenyewe, na aliyeiandika ni mtaalamu wao anayeitwa Raymond Chen. Ilianza kutolewa wakati wa Windows 95, katika mkusanyo wa programu ndogo za bure walizoziita PowerToys, na baadaye likaja toleo la Windows XP. Kampuni iliitoa kama zawadi isiyo na dhamana: ukiitumia ukakwama, hakuna wa kumpigia simu.

Namna inavyofanya kazi ni rahisi kuelewa ukifikiria fundi wa kushona. Ukinunua nguo tayari, mara nyingi pindo limekunjwa ndani, na kitambaa cha ziada kimo. Fundi haongezi kitambaa, anafungua pindo tu. Windows XP ni hivyo hivyo. Ndani yake kuna daftari kubwa la siri ambamo kila tabia ya mashini imeandikwa kwa namba: umbali gani kati ya mbonyezo mbili, menyu ifunguke kwa kasi gani, flashi ikiingizwa kifanyike nini. Mambo mengine Windows inakuonyesha wazi uyabadilishe, mengine imeyaficha. Mtu anaweza kuingia ndani ya daftari lile kwa mkono, lakini akiandika namba mahali pasipo pake anaweza kuivuruga mashini nzima. Tweak UI inaweka mbele yako orodha ya majina upande wa kushoto, na upande wa kulia visanduku vya kutia alama au kuondoa. Unachagua, yenyewe inaandika ndani ya daftari kwa usahihi.

Tulichobadilisha

La kwanza lilikuwa kubonyeza mara mbili. Kuna mambo mawili hapo, muda na umbali. Muda unarekebishwa ndani ya Windows yenyewe, kwenye sehemu ya kipanya: kawaida ni nusu sekunde kati ya mbonyezo na mbonyezo, sisi tukaurefusha. Umbali ndio uliofichwa. Kwa kawaida ni nukta 4 za kioo, kiasi kidogo kuliko kichwa cha kiberiti. Mkono ukitetemeka zaidi ya hapo, umeshindwa. Ndani ya Tweak UI, kwenye jina "Mouse", tuliuongeza mpaka mama mwenye mkono mzito kuliko wote akafungua faili mara 10 mfululizo bila kukosa. Ndiye aliyekuwa kipimo chetu. Hatukumpima kijana.

La pili, umbali wa kuburuta. Uko mahali pale pale, nao ulikuwa nukta 4. Tuliuweka mkubwa zaidi, ili faili isiondoke mahali pake mpaka mtu aivute kwa nguvu na kwa kukusudia. Tangu siku hiyo hakuna faili iliyohama nyumba yake.

La tatu, majina. Kwenye kioo tuliweka alama moja kwa kila kikundi, kwa jina la mtaa wake: Kasenga, Kalundu, Mulongwe, Kavimvira. Windows XP ya Kiingereza ina tabia ya kubandika maneno yake mbele ya kila alama ya njia ya mkato unayotengeneza, hivyo mama anaona Kiingereza kwanza na jina la mtaa wake linasukumwa nyuma. Tweak UI ina kisanduku cha kuondoa maneno hayo. Sasa mama anaona "Kasenga", basi. Herufi zenyewe tulizikuza kwa kutumia Windows, hapo hatukuhitaji programu nyingine. Wale wasiosoma wana alama ya rangi, ile ile iliyoko kwenye jalada la kitabu cha kikundi chao.

La nne, mapambo. Windows XP inapenda kucheza: menyu zinateleza, vivuli vinatokea chini ya mshale, vibandiko vya njano vinachomoza pembeni vikisema mambo. Kila mapambo yanakula nguvu kidogo, na kila kibandiko kinamshtua mama anayedhani ameharibu kitu. Tuliyaondoa yote. Mashini ikawa nyepesi, na wamama wakatulia. Tuliizuia pia programu yoyote kuruka mbele ya nyingine wakati mtu anaandika, sababu kulikuwa na siku tarakimu za hisa ziliangukia ndani ya dirisha lisilo lake.

La tano ni la ulinzi. Zamani ukichomeka flashi ndani ya mashini ya XP, mashini iliisoma na iliweza kuendesha kile ilichoagizwa na faili moja ndogo inayoitwa autorun.inf. Virusi vingi vya Afrika vilitembea kwa njia hiyo: kutoka nyumba ya kuchapa hadi shule, kutoka shule hadi parokia. Februari 2011 Microsoft ilianza kusambaza dawa ya jambo hilo kupitia intaneti, lakini mashini isiyounganishwa haipati dawa ya namna hiyo. Kwenye Tweak UI kuna sehemu ya "AutoPlay" yenye orodha ya herufi za diski zote. Tuliondoa alama kwenye zote, sasa flashi ikiingia haifanyi lolote mpaka tuseme. Hata hivyo hatutegemei hilo peke yake. Mashini inapokea flashi ya shirika tu, na flashi hiyo haiendi kutembea.

La sita, mahali pa kuweka hesabu. Diski ya mashini yetu imegawanywa mara mbili, C na D. Windows inakaa C. Siku Windows ikiugua mpaka ifutwe na kuwekwa upya, kila kilichoko C kinaweza kwenda nayo. Tweak UI ilitusaidia kuhamisha folda ya hati zetu kutoka C kwenda D. Ni sawa na kutolaza watoto chumba kile ambamo paa linavuja.

Tulichokataa

Programu hii ina milango mingine ambayo tuliiacha imefungwa kwa makusudi. Inaweza kufanya mashini ijifungue yenyewe asubuhi bila kuuliza neno la siri. Ni raha, lakini tulikataa: sanduku la pesa halijifungui lenyewe, kwa nini hesabu za sanduku zijifungue? Inaweza pia kuficha diski nzima isionekane kwenye kioo. Mtu mmoja alipendekeza tufiche D kwa usalama. Lakini kuficha si kufunga. Anayejua njia atafika tu, na asiyejua ndiye atakayenyimwa. Wanaofichwa hapo wangekuwa wamama wenyewe, wenye mali.

Jambo la lugha lilitupa mawazo mengi. Kiswahili ndani ya kompyuta si ndoto. Mwishoni mwa 2004, mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya bure ya kuandika barua na majedwali yenye menyu za Kiswahili. Microsoft nayo ilitoa kifurushi cha Kiswahili cha kuvika juu ya Windows XP ya Kiingereza. Niliposikia hayo nilifurahi, sababu inaonyesha kwamba kuna watu walikaa wakajiuliza: kwa nini mtu ajifunze lugha ya mbali ndipo ahesabu pesa yake? Lakini hata Kiswahili cha Dar na cha kwetu havifanani kwa kila neno. Karani wa Dar anasema jambo kwa namna yake, muuza ndagala wa Kalundu kwa namna yake, na huku kwetu Kifaransa kimeingia katikati. Kwa hiyo maneno yaliyoko kwenye majedwali yetu hayakutoka kwenye kamusi. Tuliwauliza wamama: hiki mnakiitaje? Ndipo tukaandika: "Akiba", "Mkopo", "Faida ya mkopo", "Kasha la msaada". Mama akisoma anajua, hahitaji kutafsiriwa.

Daftari la mabadiliko

Sasa nafika kwenye jambo ninalotaka mlishike kuliko yote.

Mashini iliyobadilishwa ina hatari yake. Anayeibadilisha anajua mahali pa kila kitu, wengine hawajui. Akihama, akiugua, au akikasirika, mashini inabaki kama nyumba iliyojengwa na mtu aliyekwenda na ramani. Nimeona ofisi ambamo kila jambo lilisubiri kijana mmoja. Asipokuja, mishahara haichapwi, na yeye polepole anakuwa mkubwa kuliko mkubwa wa ofisi. Kumwondoa mama kwenye utumwa wa mashini na kumtia kwenye utumwa wa fundi si ukombozi.

Ndiyo maana tuna daftari la jalada jekundu, limefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza. Kila kilichobadilishwa kimeandikwa humo kwa Kiswahili: tarehe, mahali ndani ya Tweak UI, kilikuwaje, kimewekwaje, na sababu. Kwa mfano: "Umbali wa kuburuta. Ulikuwa 4. Umeongezwa, ili faili zisihame." Mtu yeyote anayesoma anaweza kurudisha mashini ilivyokuwa. Na kama sanduku lilivyo na kufuli tatu, ndivyo watu watatu wanavyojua kazi hii: mimi karani, mtunza hazina, na yule msichana wa ndagala. Ndiyo, yeye. Leo ndiye anayejua mashini ile kuliko sisi wote, na ndiye anayefundisha wengine. Hakuna badiliko linalofanywa na mmoja peke yake. Wawili wanakaa pale, mmoja anabonyeza, mwingine anaandika.

Pia tulikubaliana kwamba kitabu chako kinabaki kuwa shahidi wa kwanza. Mashini ni shahidi wa pili, na karatasi iliyochapwa kila mwisho wa mwezi ni wa tatu. Flashi yenye nakala inalala kwenye nyumba moja ya juu kidogo, mbali na mto na mbali na ziwa. Umeme ukikatika wiki nzima, kazi inaendelea kwa kitabu na kalamu kama zamani. Hatukununua mashini ili tusahau kuandika.

Kwa ninyi mlio na mashini mpya au simu

Wengine wenu mna watoto wenye Windows 7 au mifumo ya baadaye, mkauliza kama Tweak UI itawafaa. Hapana, toleo hili ni la Windows XP, msilihangaikie. Lakini swali lenyewe linafaa kila mahali: je, kitu hiki kimeniumiza kwa sababu sijui, au kwa sababu kimepangwa kwa ajili ya mtu mwingine? Chukueni simu zenu leo jioni, muwape watoto kazi. Kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya kioo, kuna mahali pa kukuza herufi. Kwenye sehemu ya kuwasaidia wenye shida ya macho au mikono, simu nyingi zina mahali pa kuongeza muda wa kubonyeza na kushikilia. Mama aliyeacha kusoma ujumbe kwa sababu ya macho anaweza kuanza tena kesho. Na mama anayesomewa kila ujumbe wa pesa na mtoto wa jirani anaweza kuanza kuusoma mwenyewe. Mnajua faida yake, sihitaji kuieleza.

Nawaomba pia vijana: mnapomfundisha mama yenu au bibi yenu, msimnyang'anye kipanya au simu mkononi mkasema, "Leta nifanye haraka." Kaeni pembeni yake. Akishindwa mara tatu mahali pale pale, msiangalie mkono wake, angalieni mashini. Huenda kuna kisanduku kimoja kinachongoja kuondolewa alama.

Mashini yetu itakufa siku moja, kama kila kitu kinachotumia umeme wa kukatika-katika. Tutakapochanga tena kununua nyingine, haitakuwa XP na haitakuwa na Tweak UI. Daftari jekundu litahamia kwenye mguu wa meza mpya, na tutaanza ukurasa wa kwanza kwa swali lile lile: nani atakayekaa hapa, na mkono wake ukoje?

Jumatano hii, baada ya mkutano, tutafungua faili za Kasenga na Kalundu. Kila mama aje na kitabu chake cha akiba, na miwani kama anayo. Wale ambao hawajawahi kukaa mbele ya kioo wapite mbele kwanza.

Mungu awalinde, na amani ikae kwenye nyumba zenu.

Karani wenu